Doa Shavuni mwa Binti wa Kaka

Ulimwona kaka yangu. Usiniambie hukumwona. Alipita mbele yako, kitambaa kimefunika nusu ya uso, ukajifanya unatafuta kitu mfukoni.

Alikuwa mwonjaji katika ghala la tumbaku. Mashine ya kupimia ubora wa majani ipo, imefunikwa turubai. Mwenye ghala anaamini midomo ya watu. Kipande cha jani kinawekwa kati ya fizi na shavu, mwonjaji anafumba jicho moja, kisha anatamka daraja. Kaka alitamka hivyo mpaka ulimi ukakatwa hospitalini kwa sababu ya saratani.

Daktari alitueleza taratibu. "Ndani ya seli kuna jeni ambayo ni kama mlinzi. Seli ikiharibika, jeni hiyo inaizuia isigawanyike mpaka ipone au ife. Sumu ya tumbaku imemvunja mlinzi huyo. Ndiyo maana uvimbe umekimbilia shingoni."

Msibani kwa kaka, mwenye ghala alidakia neno hilo kama aliyeokota dhahabu. "Kumbe ni jeni. Basi ni mambo ya ukoo wenu. Poleni."

Mimi sisahau.

Sasa kwenye kigoda cha kaka amekaa binti yake. Nilipomfuata, alikuwa na jani shavuni, shavu lilelile, jicho limefumbwa vilevile. Nyuma ya marobota nikasikia sauti ya kaka ya siku za mwisho, maneno yasiyo na ulimi, na hapakuwa na mtu.

"Baba mdogo, mbona unanitazama kama umeona mzimu?"

"Fungua mdomo."

"Mimi si mbuzi wa mnadani." Wenzake wakacheka. Akatema jani, akafungua ili nimwondokee.

Ndani ya shavu palikuwa na doa jeupe. Nilisugua kwa kitambaa, halikutoka.

"Haliumi," alisema. "Kwa hiyo si kitu."

"La baba yako nalo halikuuma."

Kicheko kikakatika. "Nikienda hospitali leo, kesho kigoda kina mtu mwingine."

Doa kama hilo si lazima liwe saratani tayari. Huenda mlinzi yule wa daktari angali amesimama humo, peke yake, na kila jani linampiga.

Wewe uliyecheka pale, na wewe unayesoma huku ukilamba meno yako: tema. Mshikeni mkono binti huyo mumpeleke akapimwe, leo, kabla ghala halijafungwa. Na kigoda kile asikikalie mtu mpaka arudi.