Mpangaji Ndani ya Mchoro

Wewe ukiamka asubuhi ya siku yako kubwa, ukute sanaa yako imepata mpangaji, utafanya nini? Mimi nilipiga nduru.

Ngoja niseme vizuri. Mimi ni Adhis, wa Soweto West, Kibera. Wasanii wanne tulipewa studio huku Kabiro, Kawangware, tukae miezi kadhaa tukifanya kazi zetu, halafu wageni waje waone. Mimi nikajenga chumba cha mabati uani, saizi ya nyumba niliyolelewa. Ndani nikachora kila kitu ukutani: pazia, kalenda ya kanisa, taa, hadi kabati la vyombo la mathe, mamangu.

Na mathe alikuwa anakuja. Wageni wengine shauri yao, huyo ndiye nilimjengea. Tangu nishike brashi wimbo wake ni mmoja tu: "Kuchora si kazi, Adhis. Kazi inauma mgongo." Nilitaka aone, hata mara moja, aseme ni kazi.

Sasa Mzee Kagiri, mwenye ploti, alipita jana yake akaona chumba kipya hakina mtu. Kawangware, chumba kikae bure? Thubutu! Akakipangisha. Asubuhi nikamkuta Osewe, fundi wa viatu, ameshaingia na godoro, stovu na bibi yake Valentine, omena inakaangwa.

"Mzee Kagiri, hiyo ni sanaa!" nikamkimbilia mlangoni kwake.

"Si iko na mlango?" akaniuliza.

"Iko, lakini..."

"Na paa?"

"Iko."

"Basi ni nyumba."

Lazarus, tunayechora naye, alicheka hadi akamwaga rangi. Mimi nilitaka kulia, nikajipata nacheka kama nimerukwa na akili. Osewe, maskini, akaniomba msamaha. "Pole, siste. Omena ikiiva tu, tunatoka."

Itaiva saa ngapi? Wageni hao, washafika getini! Na mbele yao mathe, na nguo yake ya kanisa.

Hakuniuliza kitu. Alifuata harufu ya omena akaingia moja kwa moja, akamsalimia Valentine kama majirani wa zamani. Kisha akawaona wageni wamejazana mlangoni.

"Ai! Watu wote hawa na hamjawapa chai?"

Akageuka, akanyoosha mkono kabatini achukue vikombe.

Ngo! Vidole vikagonga bati.

Akanyoosha tena, polepole, akapapasa kikombe cha bluu nilichokichora, kile chake kilichovunjika mkono.

Mathe akaangua kicheko. Alicheka akajishika mbavu, akajibwaga kwenye godoro la Osewe, machozi yanamtoka. "Woi, nyathina, mwanangu! Unanidanganya na vyombo vyangu mwenyewe!"

Alipoinuka alienda kusimama mlangoni, akaanza kuingiza wageni wawili wawili. Bwana mmoja wa tai akanyoosha kidole ukutani. Mathe akamchapa kofi la mkononi.

"Usiguse! Hiyo ni kazi ya mtoto wangu."