Jumamosi ya Kwenye Ukurasa

Mwalimu Zuleica alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na matangazo ya ofisini. Marefu, Kireno kigumu, na mtoto akimaliza kusoma hajui aende wapi. Kwa hiyo shule ilipopata tovuti, ukurasa wa mtihani wa kuingia kozi ya ufundi wa gesi aliuandika yeye, kwa maneno mepesi: mtihani lini, wapi, uje na nini. Juu kabisa, kwa herufi nene: Jumamosi, hapa shuleni. Na kwa kuwa mji wa Palma, huko kaskazini mwa Msumbiji, siku hizo ulijaa matapeli, akaongeza: usiamini simu za watu, fuata ukurasa huu tu. Wanafunzi wakaupenda. Naye akaringa, tena sana.

Jumanne ofisi ikabadili, mtihani uwe Alhamisi. Senha, lile neno la siri la kufungulia tovuti, alikuwa nayo Arsénio peke yake, fundi wa kompyuta, naye yuko likizo kwao Beira, simu kaizima. Zuleica akazunguka ofisi hadi ofisi mpaka miguu ikawaka moto. Kote alipewa pole.

Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Wanafunzi wa mjini aliwafuata mlango kwa mlango. Aliyemnyima raha ni Hafsa, binti mwenye kichwa chepesi kuliko wote, aliyekuwa kijijini Nhica akilima na baba yake. Shamba lao la zamani lilikwenda na mradi wa gesi, na tumaini lote la nyumba ile lilikuwa kozi hiyo.

Simu akapokea baba mtu, Mzee Chaquir. Mtandao ulikuwa unakatakata.

"Ni mimi, mwalimu Zuleica. Mtihani ni keshokutwa, Alhamisi."

"Mama, hata jana kuna mwingine kapiga, kajiita mwalimu. Ukurasa unasema Jumamosi."

"Huo ukurasa nimeuandika mimi, mzee wangu."

"Basi ubadilishe, nasi tutauona," akajibu kwa adabu, akakata.

Akapiga tena na tena, haikupokelewa. Jumatano mvua ikakata barabara ya Nhica, hakuna gari lililotoka. Zuleica akakaa kibarazani akalia, hasira zote zikimrudia mwenyewe.

Alhamisi mtihani ukafanyika.

Jumamosi asubuhi Hafsa akaingia getini, tope mpaka magotini, shati limepigwa pasi, kitambulisho mkononi. Akautazama uwanja mtupu, akatabasamu.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuwa wa kwanza?"

"Marahaba, mwanangu," akasema Zuleica, akatafuta maneno mepesi ya kumweleza. Hakuyapata.