Waliohudhuria Harusi ya Benita

Jumamosi saa tisa mchana, Séphora wa kamati ya harusi alisimama mlangoni mwa ukumbi, katikati ya Lubumbashi, akisoma misimbo ya QR ya mialiko kwa simu. Simu ikiwaka kijani, mgeni anaingia. Ikiwaka nyekundu, msimbo umekwisha kutumika.

"Papa Dédé, muntu aliisha kuingia na mualiko hii."

"Ni miye mwenyewe niliingia, nikatoka kukojoa!"

"Basi tumbo yako ndiyo iliingia mbele. Ungoje inje."

Bibi harusi, Benita, alikuwa binti wa Kambale, muuzaji wa jumla aliyetoka Goma. Mialiko thelathini ilitumwa huko mwezi mmoja kabla mji haujaanguka mikononi mwa waasi. Tangu hapo ndege hazikutua, simu hazikuita, na redio ilisema waliokufa bado wanahesabiwa.

Saa tisa na nusu Onésime, mjomba wa Benita, alifika kwa miguu. Wote walijua, kupitia mkimbizi mmoja, kuwa alizikwa Februari, shimo moja na wengine. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jeusi la Goma. Askari walikuwa wamechukua simu yake, kwa hiyo msimbo ulikuwa kwenye kiganja, umechorwa ndani ya ngozi. Séphora aliusoma. Kijani. Akamwonyesha meza ya nne.

Nyuma yake walikuja wale ambao hakuna aliyekuwa na habari zao. Familia ikaelewa: anayefika amekufa, asiyefika yuko hai. Wahudumu waliwapakulia bukari na samaki, kisha wakaondoa sahani zikiwa zimejaa.

Kila baada ya dakika chache Benita alikuja mlangoni, shela mkononi.

"Séphora, shangazi aliisha kufika?"

"Bado, dada."

"Asifike. Mungu wangu, asifike."

Shangazi Kahambu ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Kwao bibi harusi hatoki ukumbini mpaka shangazi amfunge kitenge kiunoni. Benita alikuwa tayari kuzeekea humo.

Saa kumi na moja walikuwa wameingia ishirini na tisa wa Goma. Robo saa baadaye Kahambu alipanda ngazi polepole, kitenge kwapani, akanyoosha kiganja.

"Soma, mwanangu. Njia imenichokesha."

Séphora alielekeza simu ukutani. "Mama, rezo ya simu iko mubaya."

"Iko muzuri. Soma."

Kijani.

Benita alisimama kabla hajaitwa. Shangazi alimfunga kitenge, akakaza fundo, akamwambia amekonda.

Jumatatu Kambale alipeleka orodha ya mlangoni, iliyochapwa kutoka simu ya Séphora, kwenye ofisi moja mjini, majina thelathini, akiomba vyeti vya vifo. Karani aliisoma yote kwa makini, jina kwa jina, kidole kikifuata mstari.

"Papa Kambale, hawa bantu walikuwa kwa harusi juzi. Angalia, mashine inasema: bote présents."

Akagonga muhuri juu ya neno hilo, waliohudhuria, akaita anayefuata.