Hapa Hatulali Chali

Katika kambi ile mke alibeba cheo cha mumewe hata pale alipovua viatu. Jambo hilo Mwalimu wa yoga hakulijua siku aliyokuja kutoka mjini na mikeka yake ya sponji, akaitandaza bwaloni kwa duara na kuwaambia akina mama wakae popote. Walisimama ukutani wakitazamana. Mama Kamanda alipochagua mkeka wa chini ya feni, ndipo wake wa makapteni wakashuka kando yake, kisha wake wa masajini, na wake wa askari wa kawaida wakamalizia upande wa mlango wa stoo, ambako sakafu ilinuka mafuta ya taa. Duara lilibaki duara, lakini kila mtu alijua linaanzia wapi.

Yoga ililetwa na ofisi ya ustawi baada ya mke wa fundi redio kunywa sumu ya panya. Hakufa, ila alirudishwa kwao, na waume walipopelekwa mpakani ofisi ikasema wanawake wasaidiwe kutulia, wafundishwe kupumua. Wenyewe walicheka. Mke wa mtunza ghala, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, alisema amekuwa akipumua bila mwalimu tangu azaliwe na hajafeli hata mara moja.

Hata hivyo walikuja. Waliinama, walinyoosha migongo iliyochoka kwa ndoo na watoto, na wengine walikiri chinichini kwamba siku za somo hawagombi sana nyumbani. Kilichowashinda kilikuwa kimoja. Mwisho wa somo Mwalimu aliwataka walale chali, mikono kando ya mwili, viganja juu, macho yafungwe. Na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, aliutaja mlalo huo kwa jina lake: mlalo wa maiti.

Hakuna aliyelala. Mwanamke wa kambi ile ambaye mumewe yuko mpakani hulala ubavu, awe mjamzito, awe mgonjwa, kwa sababu chali ndivyo wanavyorudishwa waume. Nani alianzisha hilo hakuna aliyekumbuka. Mke mgeni aliambiwa na wenyeji, pamoja na siku za maji na mahali pa kuanika nguo.

"Mwalimu," alisema Mama Kamanda kwa upole, "hapa hatulali chali."

Basi somo likawa linamalizika wameketi.

Karibu na mlango wa stoo aliketi mke wa Dereva. Kambi nzima ilimwita Popo, kwa kuwa taa yake haikuzimwa usiku kucha. Alifanya kazi katika chumba cha ushonaji, akibadilisha zipu na kushona vyeo kwenye mabega ya waume wa wenzake, na tangu mumewe aondoke na lori usingizi ulimhama. Nesi alimpa vidonge, vikamtetemesha mikono hadi uzi haukuona tundu la sindano. Hayo aliyavumilia. Kilichomtisha ni asubuhi aliyojikuta amesimama mbele ya jiko, gesi imefunguliwa, kiberiti kiko mkononi, binti yake mdogo anamvuta sketi huku akikohoa, naye hakumbuki amesimama hapo tangu lini. Alifunga gesi, akafungua madirisha, akakaa sakafuni. Aliona wazi kwamba asipolala, atamuua mtoto.

Hakumwambia mtu isipokuwa Mama Pacha, jirani yake wa ukuta mmoja, mke wa sajini aliyekuwa akipanda lori lile lile la Dereva. Mama Pacha hakumkaripia wala hakumwonea huruma ya kupitiliza. Alimchukua mtoto akawa analala na pacha wake, akisema kitanda chake kimeshazoea kukojolewa.

Siku moja bwaloni, wenzake wameketi wamefumba macho, Popo alijilaza. Hakukata shauri mwenyewe, mgongo ndio uliokata. Alipozinduka aliona nyuso zimemwinamia pande zote.

"Mumewe amemwachia injini," alisema mke wa mtunza ghala, maana Popo alikuwa amekoroma, na kicheko kikalipuka. Baadhi hawakucheka. Mama Kamanda akasema aachwe, kila mtu na mzigo wake, na Popo akamshukuru hadi machozi.

Tangu hapo alilala kila somo, chali, viganja juu. Baadaye usingizi ukaanza kumfuata hadi nyumbani, ukimjia kwa vipande, kisha ukawa mzima. Mikono ikatulia. Mtoto akarudi kitandani kwake. Na kwa kuwa aliyeshiba huona aibu kumtazama mwenye njaa, akaanza kumbembeleza Mama Pacha, ambaye sasa macho yake yalikuwa yamezama kwa kukosa usingizi na alikuwa akiwazaba pacha vibao kwa makosa ya kuchekesha. Alimwambia imani ile ni maneno tu ya watu. Mbona yeye analala, na mumewe anapiga simu kila wiki akiulizia mpaka kuku?

Mama Pacha alikataa. Akakataa tena. Kisha siku moja akalala, mkono wake umo ndani ya mkono wa Popo, na waliokuwa karibu walisikia akivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia.

Wiki ile ile lori lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani. Sajini alikufa, na vijana waliokaa nyuma yake. Dereva alikatwa mguu, akaishi.

Hakuna aliyempiga Popo, wala kumtukana usoni. Walimpisha. Akifika bombani foleni iligawanyika, akachota peke yake huku wameshika ndoo zao. Sare zilikoma kuletwa kwenye meza yake, hakuna mke aliyetaka nguo ya mumewe ipite mikononi mwake. Mwalimu aliambiwa asirudi, na mikeka ikakusanywa ikafungiwa stoo. Mke wa mtunza ghala akasema, kwa sauti ya kufika mbali, kwamba Popo amemuuza mume wa mwenzake ili anunue wake, na bado hakupewa mzima.

Mama Pacha hakusema neno. Pacha ndio waliosema, walipokuwa wakicheza na binti wa Popo, kwamba mama yao siku hizi halali tena kitandani, anaegemea ukuta akiwa ameketi hadi kunakucha. Popo alikuwa akiusikia ukuta huo ukigongwa taratibu na kisogo cha mtu, akageukia upande wa pili.

Kisha Dereva akapiga simu kutoka hospitali. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Alimweleza mkewe kwamba yeye na sajini walikataa kuingia barabara ile kwa kuwa watu wa kutegua mabomu walikuwa hawajaipitia. Waliuliza kwa redio. Kamanda mwenyewe ndiye aliyejibu, na jibu lilikuwa neno moja: endesheni.

Popo alikata simu akiwa ameshika kinywani kitu ambacho kingeweza kuwashusha mzigo wanawake wawili kwa mara moja. Alivaa kandambili aende mlango wa pili. Alipofungua wake, Mama Kamanda alikuwa amesimama kizingitini na chupa ya uji.

Alikaribishwa, akaketi, akampakata mtoto. Aliulizia mguu, aliulizia homa. Kisha akasema kwamba mgonjwa huongea mengi, ni maumivu na dawa, na mke mwenye busara huyaacha yakapita.

"Sikiliza, mwanangu. Wameshaandika kwamba ni bomu tu, mambo ya vita. Likibaki hivyo, mguu wa bandia upo, nyumba hii ipo, na kazi ya kukaa ofisini atapata. Ikitajwa redio, itabidi waanze upya kuuliza. Wataanza na dereva."

Popo aliuliza, "Na Mama Pacha?"

"Mjane hakai kambini, unajua. Ataondoka." Alitoa leso yake, akampangusa mtoto kamasi. "Na uchungu lazima upate pa kutua. Bora utue kwenye mkeka."

Hakusema kwa ukali. Mumewe pia alikuwa mpakani, na yeye pia alilala ubavu, tena huenda kwa hofu kuliko wote. Popo aliunywa uji wote, kwa kuwa mgeni alingoja chupa yake.

Lori la kambi lilikuja kuhamisha vyombo vya Mama Pacha kabla hata nguo za msiba hazijafuliwa mara ya pili. Wanawake walisaidiana kubeba kabati na vitanda wawili wawili. Popo alibeba peke yake. Mama Pacha alikuwa amesimama katikati ya chumba kitupu, amekonda, shingo imekakamaa kwa kulala ameketi. Popo alipoinamia sufuria, Mama Pacha akamwita, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu msiba.

"Nitakuuliza kitu kimoja, na ukinijibu sitakiuliza tena hadi nife. Ni kwa sababu nililala?"

Nje, mlango ukiwa wazi, Mama Kamanda alikuwa amewashika pacha mikono karibu na lori. Hakugeuka.

Jibu lilikuwa fupi. Neno hapana lingetosha, bila redio, bila Kamanda. Lakini Popo alimfahamu mwenzake. Baada ya hapana angeuliza, basi ni kwa nini, na angeuliza akimtazama machoni, na hapo pasingekuwa na pa kujificha. Alitazama mlango wake mwenyewe. Binti yake alikuwa ameketi ngazini akijivisha kandambili za baba yake.

"Sijui, mwenzangu," alisema.

Mama Pacha alitikisa kichwa polepole. Hakulia. Alionekana kama mtu aliyekuwa akilijua jibu, akitaka tu kulisikia kwa anayempenda. Kisha akamsogelea Popo, akamshika shavu kwa kiganja kikavu, akamwambia asije akajilaumu hata siku moja. Hakulazimishwa na mtu. Alijilaza mwenyewe, alisema, na yeye ndiye atakayewaambia pacha hivyo watakapokua.

Popo akajibu, "Asante."

Nje dereva wa lori alipiga honi. Popo akainama, akazikusanya sufuria zilizobaki, akaenda kuzipakia moja moja.