Safari Njema, Nahodha

Majira ya tatu ya baridi yalimkuta Oddvar bado anagongomea misumari ya shaba kwenye mashua yake ya makasia, ya kumfikisha kwenye barafu ya visiwa vya Svalbard, kaskazini ya mbali. Mgongo ulikuwa hoi, vidole vimekufa ganzi, na harufu ya lami ya msonobari ilimfuata hadi kitandani. Kila asubuhi jirani yake Gudny, mjane wa mvuvi, alichungulia bandani.

"Safari njema, nahodha!" alimcheka.

Kejeli hiyo ilimchoma. Pale kijijini anayekwenda baharini kweli hatakiwi heri, maana heri huita mkosi. Huapizwa, ndipo arudi salama. Safari njema huambiwa mtu wa kukaa nyumbani.

Siku ya kuishusha mashua majini, hakuwa na nguvu hata za kufurahi. Alikaa tu, makasia mkononi. Gudny akaja na furushi la samaki wakavu, akamtupia. Akaikagua mashua ubao kwa ubao.

"Nenda ukazame huko, mzee mpumbavu wewe," alisema.

Tangu apasue ubao wa kwanza, Oddvar hakuwahi kuambiwa neno tamu kama hilo.