Chokaa Katika Mikate ya Lalla Zhor

Ubao wa mikate wa Lalla Zhor ulifika tanurini saa mbili na robo asubuhi, baada ya ule wa seremala na kabla ya ule wa mjane wa kinyozi. Ulikuja wenyewe, ukielea hewani kimo cha nyonga ya mwanamke, ukakata kona penye bomba la maji, ukajibana ukutani kumpisha punda wa mitungi ya gesi, kisha ukatua kwenye benchi. Juu yake kulikuwa na mikate mitano mibichi, imefunikwa kitambaa cheupe cha mistari ya buluu. Lalla Zhor mwenyewe alikuwa kaburini wiki ya sita, yeye na binti zake wawili, tangu nyumba ilipowaangukia.

"Foleni ni foleni," alisema mjane wa kinyozi. "Uwe hai, uwe maiti, ungoje zamu yako."

"Kwani kakuruka?" alimjibu Fundi Bushta, akaisukuma mikate motoni kwa koleo lake refu la mti.

Mtaa mzima ule wa mji wa Fez ulikanda nyumbani na kuoka kwa Bushta. Hakuhitaji alama, aliijua mikate ya nyumba themanini kwa kuitupia jicho tu. Alijua nani kahama kutoka ngano kwenda shayiri kwa kuwa mume kaachishwa kazi, nani kapata wageni, nani hasemezani na mkwewe hadi wanakanda mbalimbali. Na hakusema. Baba yake alimwachia tanuri pamoja na sharti lake: yaonwayo ubaoni huishia motoni. Kuoka angeweza yeyote, Bushta aliamini. Kusitiri watu ndiyo kazi yenyewe, na kwa ajili hiyo aliamka kila alfajiri kwa moyo mweupe.

Kwa hiyo, baridi ilipoanza, Lalla Zhor angali hai, alipokuta chembe za chokaa katika mikate yake, alijua dari lake linapukutika, na akanyamaza. Tena akafanya zaidi. Alizichokoa chembe moja moja kwa ncha ya kisu, akalainisha pale kwa kidole chenye maji, ili mkate urudi nyumbani msafi na mama wa watu asiaibike. Alifanya hivyo miezi mitatu. Siku moja Lalla Zhor alisimama mlangoni.

"Fundi, mkate wangu hauna kasoro?"

"Hauna, Lalla. Wa kupigiwa mfano."

"Mungu akuweke."

Siku ile Bushta alishinda amefurahi. Sasa furaha ile ndiyo iliyomtesa kuliko yote. Alijiona muuaji, na hakuona wa kumwambia vinginevyo.

Chokaa yote aliyoichokoa ilikuwa ikirudi. Katika mikate ya marehemu, alipotoa chembe moja ilikuwapo tena kabla hajafuta kisu. Na kwa kuwa mkate hautupwi, yeye na mkewe Rkia waliila mikate ile kila mchana na mchuzi wa dengu.

"Tafuna taratibu," alisema Rkia. "Jino langu la juu limeshakwenda."

"Dhambi ni yangu. Niachie niile mwenyewe."

"Mikate mitano? Tumbo gani hilo?" Akamega kipande kingine.

Jumatano, Bushta alifunua ubao wa Bi Hniya, aliyepanga nyumba iliyopakana na ile iliyoanguka. Mwenye nyumba zote mbili alikuwa Haji Lamfadal. Katika mkate wa kwanza mlikuwa na chembe tatu. Bushta alishika kisu, akakiweka chini. Kisha akavunja sharti la baba yake mbele ya foleni nzima.

"Bi Hniya, mikate yako ina chokaa. Dari linashuka. Ihame nyumba ile leo hii."

Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia mwokaji akitaja alichokiona ubaoni.

"Najua, mwanangu," alisema Bi Hniya. "Haji tumemwambia. Anasema nyumba imesimama miaka mia tatu, itaanguka kwa sababu gani sasa? Watu wa manispaa wakaja, wakachora msalaba mwekundu wa hatari mlangoni, wakaenda zao. Nihamie wapi na watu saba? Kwako?"

Bushta aliishi chumba kimoja juu ya tanuri. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na Lalla Zhor alijua?"

"Alijua dari linapukutika. Asichojua ni kiasi gani. Akikanda chini ya ngazi, gizani, haoni kitu, basi akawa anapima kwa mkate. Akiniambia, 'Siku nitakayotafuna chokaa, nawabeba wanangu nakwenda kwa kaka yangu kule mjini Sefrou, mkewe anune asinune.' Basi akawa anangoja. Mkate unarudi safi."

Aliyasema bila kinyongo, huku akifunga vizuri kitambaa cha kichwa. Mjane wa kinyozi aliuliza kama moto bado unatosha. Bushta akaisukuma ndani mikate ya Bi Hniya kama ilivyo.

Adhuhuri Bi Hniya alimega ukingo wa mkate palepale mlangoni, akatafuna, akatema chembe kiganjani.

"Ya leo bado ndogo," alisema.

Jumatatu chembe ilikuwa sawa na punje ya dengu. Aliwaonyesha wote, wakaipokezana mkono kwa mkono, wakakubaliana kwamba imekua. Kisha Bi Hniya akafunika mikate yake, akajitwika ubao, akarudi nyumbani kupika chakula cha mchana.