Koo la Fundi Krahl

Askari wa anga tulikuwa na jina la tamaa ya kuvishwa msalaba wa shingoni, nishani ya ushujaa: kuumwa koo. Kapteni von Rehden aliumwa koo kila asubuhi. Kwao walikuwa na mashamba. Kwetu tulikuwa na vumbi la makaa ya mawe mapafuni.

Fundi wa ndege yake, Ewald Krahl, alikuwa mtengeneza makufuli wa Bochum, mji wa migodi ya makaa. Aliruka vitani mara mia mbili na kumi na mbili, na kila mara mabomu niliyapakia mimi. Yaliwaangukia watu wanaopika supu ya kabichi kama mama yangu. Sijawasamehe waliotutuma, wala sijajisamehe. Lakini Krahl nitamsifu mpaka nife, kwa safari moja ya Februari.

Lutz, mpiga bunduki wao, alikuwa akilala kifudifudi katika kibanda chini ya tumbo la ndege. Tulikiita kitanda cha kufia. Siku hiyo risasi zilimvunja mguu, bati likapinda likambana humo humo. Zikatoboa pia mabomba ya kushushia magurudumu. Kutua bila magurudumu kungemsaga.

Redioni, uwanja mzima tuliwasikia.

"Tunatua kwa tumbo," alisema Kapteni. "Petroli inaisha."

"Afande, Lutz yuko chini," alisema Krahl.

"Hiyo ni amri!"

"Nimeisikia. Zunguka kidogo, nashusha magurudumu kwa pampu ya mkono."

"Krahl, nitakushtaki!"

"Nishtaki tukifika, afande. Sasa hivi nina kazi. We Lutz! Ukifa nitakuua!"

"Pampu, mzee, acha domo!"

Gurudumu la kushoto likashuka. La kulia likafika nusu, likagoma. Injini moja ikazima. Krahl hakuacha, ngozi ya viganja ilibaki kwenye mpini wa pampu, niliiona baadaye kwa macho yangu. Ndege ilipogusa theluji, iliigusa kwa magurudumu mawili.

Lutz alipoteza mguu, akabaki hai.

Jenerali alikuja na msalaba mmoja. Kapteni alinyoosha shingo, lakini aliyevishwa ni Krahl.

"Haya, koo limepona?" Kapteni alimnong'oneza kwa kijicho.

"Koo langu halijawahi kuuma, afande. Ni mikono tu."

Akauvua, akautia mfukoni, akaenda hospitali kumlisha Lutz supu. Kwa bandeji alizofungwa viganjani, kijiko kilimponyoka kila mara, na Lutz akamtukana mpaka bakuli likaisha.